Tupeane uzoefu: nani mwingine amerudia kusoma vitabu kwa raha tu, si kwa mtihani?

Mleta uzi (Tanga)

Wakuu, habari zenu.

Mimi kidato cha tano na sita nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kwa hiyo kwa miaka miwili kitabu kwangu kilikuwa fani na maudhui basi. Unafungua ukurasa wa kwanza penseli iko mkononi, unasaka dhamira kama mgambo anavyosaka machinga. Siku niliyomaliza mtihani niligawa riwaya zote na nikaapa sitozigusa tena. Kiapo kilidumu miaka 14.

Mwaka jana simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Fundi akasema kioo kinatoka Dar, nisubiri siku nne. Jioni ya kwanza niliangalia ukuta. Ya pili nikachomoa kitabu kilichokuwa kimewekewa mguu mmoja wa kabati la vyombo kwa shemeji: Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla, kile cha 1960 chenye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Jalada hakuna.

Mwanafunzi aliyekuwa nacho zamani amekijaza penseli pembeni. "Dhamira: ushirikina." "Taz. taswira." Kila ukurasa, mstari kwa mstari, mwandiko wa mtoto mwenye bidii. Halafu katikati maandishi yakaanza kupungua. Ukurasa mmoja umeandikwa "duh!" tu. Baada ya hapo penseli haipo kabisa mpaka mwisho. Nilicheka peke yangu, maana na mimi pale pale ndipo nilipoacha kuangalia saa. Shemeji alikuja kuzima taa nikamwomba dakika kumi, nikamaliza saa nane usiku.

Nyie mlirudije? Tafadhali msiniletee ya matajiri wanaosoma vitabu 50 kwa mwaka. Hapa tunaongelea raha.

Mdau, Kimara

Riwaya za yule jasusi Willy Gamba zilinirudisha. Mzee alikuwa akizificha chini ya godoro, tukidhani ni mambo mabaya. Siku hizi nasoma kwenye mwendokasi nikiwa nimesimama. Juzi nataka kufungua ukurasa, jamaa wa nyuma yangu ananigusa bega: "Kaka, subiri kidogo, sijamaliza." Nikasubiri. Tulipofika Magomeni akashuka amenuna.

Mdau, Nairobi

Wacha niseme ukweli wangu. Siku Njema ya Ken Walibora tuliifanya shuleni, na kwenye mtihani wa Kiswahili nilipata B+. Desemba iliyopita nikiwa ushago niliikuta kwa sanduku la kaka yangu, nikaisoma nikingoja chai. Kumbe sikuwa nimewahi kuisoma! Nilikuwa nimekariri mwongozo. Nilijua sifa sita za Kongowea Mswahili lakini sikujua kwamba safari yake ya kutoka Tanga hadi Kitale ingenikaba koo. Chai ilipoa, nyanya akaimwaga akanimiminia nyingine bila kuniuliza kitu.

Mdau, Mwanza

Mimi nimeshindwa jamani. Ukurasa wa tatu tu mkono ushaenda kwenye simu. Mnafanyaje?

Mleta uzi

Mkuu, simu ilale chumba kingine, si kifudifudi mezani. Na kitabu kikikuchosha kitupe, chukua kingine. Shule ilitufundisha kumaliza hata kisichomezeka. Sasa hivi hakuna wa kukudai hoja tatu kwa kila kitabu.

Mdau, Unguja

Mie kisa changu ni cha mama. Macho yamemwisha, redio kaichoka, basi kila baada ya alasiri namsomea Kuli cha Adam Shafi. Kinahusu wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa 1948, na babu yetu alibeba magunia bandari hiyo hiyo. Sifiki mistari mitano ila mama kishanikatiza: "Ngoja. Hivyo sivyo walivyokuwa wakivaa." Au anataja jina la mtu, kisha mtoto wa mtu huyo, kisha harusi ya mtoto huyo na nani alikosa pilau. Kitabu kiko mapajani, kidole changu kimeshika pale tulipoachia.

Tumeanza mwezi wa Shaabani. Tuko ukurasa wa 70. Kwa kasi hii tutamaliza mfungo mosi wa mwakani, na mie sina haraka hata chembe.

Mdau, Mwanza

Dada, hiyo imenigusa. Nitajaribu na mzee wangu, labda yeye atanizuia kushika simu. Mleta uzi, hicho cha Bwana Msa nakipata wapi?

Mleta uzi

Ukifika Dar anza na wauza vitabu vya mitumba pale Posta, wale wanaopanga chini. Usichague kwa jalada, pekua ndani kwanza uone kama kimeandikwa penseli.

Changu siazimishi. Msiniombe.