Mamangu ameandikiwa kwamba si mtu wa kuaminika: nani aliyewafundisha hawa maana ya neno hili?

Assalamu aleikum wanabaraza. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe ni neno moja tu, lakini neno hilo limeingia nyumbani kwetu Kibokoni likiwa limepigwa muhuri, na tangu liingie mamangu hajatoka kuketi barazani na wenzake.

Kisa ni friza. Miezi mitatu baada ya kuinunua katika duka moja la hapa Mombasa, ambalo sitalitaja, friza aliyokuwa akigandishia barafu za ukwaju iliungua usiku. Kwa kuwa waranti ilikuwa haijaisha, alikwenda dukani akaeleza kama alivyoona: stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, yeye yuko nje anapunga upepo, mara akasikia mlio ndani na kunusa harufu ya waya. Ni maelezo ya ajabu, nakubali. Friza huunguaje pasipo umeme? Fundi alitwambia baadaye kwamba huenda umeme ulirudi kwa nguvu kupita kiasi, ukaiunguza kompresa, kisha ukapotea tena kabla taa ya mtu haijawaka. Mama hakuyajua hayo, alisema alichokishuhudia.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Mjukuu wake aliisoma kwa sauti, wanawake watatu wa mchezo wao wa kuchangiana pesa wakiwa mkekani: “Tumeona kwamba mlalamishi si mtu wa kuaminika.” Mama akaomba isomwe tena. Kisha akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti anaowekea pesa za mchezo, akautua mbele ya wale wanawake na kuwataka wahesabu hadi shilingi ya mwisho. Walikataa, naye akashikilia, mpaka wakahesabu huku wakilia. Kwa miaka 11 yeye ndiye mwenye kuwekewa pesa hizo, na haijapungua hata sarafu.

Nilipokwenda dukani nilionyeshwa barua ya Kiingereza iliyofasiriwa, na humo hakuna aliyemgusa mama. Ilisema tu kwamba maelezo yake ni vigumu kuyasadiki. Kijana aliyefasiri akaniuliza, “Kwani kaka, si ni mamoja?”

Si mamoja. Amini ni ndugu wa amana na imani, na anayeaminika ni yule ambaye ukimwachia kitu chako unalala usingizi. Ndiye tunayemwita mtu wa muamana. Sadiki hushughulika na lililosemwa: je, lakubalika kuwa kweli? Kile kiambishi -ika, kinachotuwezesha kusema njia hii inapitika na maji haya yanyweka, hufanya kazi ileile katika maneno yote mawili, ila moja linampima msemaji na la pili linapima msemo. Najua kuna watakaoniletea kamusi zinazoeleza sadiki kwa kutumia amini, na ni kweli kwamba sote husema “siamini macho yangu” bila ya kumtukana mtu. Lakini barua haikusema maelezo, ilisema mtu.

Na sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kuyachanganya, kwa sababu tofauti hii tumefundishwa tangu chuoni, tulikosomea Kurani. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliitwa Al-Amin, yaani Mwaminifu, na watu wa Makka kabla ya kupewa utume, na hata wale waliokataa kuusadiki ujumbe wake waliendelea kuweka amana zao kwake, hivi kwamba alipohama kwenda Madina alimwacha binamu yake Ali nyuma ili azirudishe kwa wenyewe. Walimwamini mtu, hawakusadiki habari. Sahaba wake Abubakar naye alipata jina la Siddiq, yaani mwenye kusadiki, kwa kuisadiki habari ya Israi na Miraji, ile safari ya Mtume ya usiku mmoja hadi Baitul-Maqdis na mbinguni, siku ambayo wengine waliicheka. Sifa mbili, kwa mambo mawili, na kila mtoto wa chuoni anazijua.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, mtazame tapeli anayekupigia simu akidai ametuma pesa kwako kimakosa na kwamba mtoto wake yuko hospitali. Maneno yake yanasadikika mno. Yasingesadikika asingepata hata senti. Yeye mwenyewe haaminiki hata kwa kiberiti.

Basi yule mfasiri alikuwa na chaguo tele: maelezo hayasadikiki, hayaingii akilini, hayajathibitishwa. Yoyote kati ya hayo yangemfanya mama abishane nao, na kubishana anakuweza. Kilichonichoma zaidi ni kwamba Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, lakini tukiandikiwa kwacho tunapewa kile kilichobaki baada ya Kiingereza kumaliza kazi yake, kikafasiriwa na yeyote aliye karibu na meza.

Duka sasa limekubali kumleta fundi wao, na limeniomba nisiendelee na maneno. Mama amekataa. Friza ingali ukumbini, imefunikwa leso, na anasema haiguswi na mtu mpaka barua iandikwe upya na isomwe palepale mkekani, mbele ya wanawake walewale watatu.