PhD ya nje yenye ufadhili: natafuta msimamizi kwanza au natuma maombi?

Binti wa Newala
Habari zenu wakuu. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Newala, nina uzamili wa parasitolojia, yaani elimu ya vimelea. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya usiku: tunaingia vijijini saa nne, tunatoboa vidole, kwa sababu vijiminyoo vya matende hutoka kwenye damu usiku. Watu wanameza dawa za ivermectin na albendazole, vijiminyoo vinapungua, ila minyoo mikubwa huishi mwilini miaka mingi. Nataka kujua kwa nini kuna kaya ambazo maambukizi hayakatiki. Baba kanisomesha kwa korosho mpaka hapa, simwombi tena. Nahitaji ada, posho na hela ya maabara. Naanzia wapi? Na hivi kweli niende Ulaya kusomea ugonjwa ulioko Lindi na Mtwara?

Mnachingwea
Inategemea mlango, dada. Marekani unaomba idara. Wakikuchukua, mara nyingi ada inafutwa na posho unapewa. Maabara utachagua baada ya kuzunguka kadhaa mwaka wa kwanza. Ujerumani, EMBL (maabara ya biolojia ya Ulaya) ya Heidelberg na shule za PhD za taasisi za utafiti za Max Planck nao unaomba programu, kisha wanaita watu kwenye usaili. Gates Cambridge, ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge Uingereza, ni tofauti, hapo zungumza na msimamizi mapema.

Dada Mkubwa
Mdogo wangu, kwenda Ulaya si lazima uache matende ya kwenu. Mimi nilisajiliwa Basel, Uswisi, data nikakusanya Kilombero kupitia Ifakara, taasisi yetu ya utafiti wa afya iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi. Kwa njia hiyo msimamizi ndiye mwanzo. Mwandikie kwa ufupi, anza na hizo kaya zako, maana ndicho kitu ambacho mwombaji wa mjini hana. Mweleze pia kwamba unajua kibali cha maadili kinapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kwamba sampuli haziondoki nchini bila mkataba.

Nina uchungu na jambo moja. Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 hukohuko kwenu, uwanda wa Makonde. Damu ilikuwa ya wazee wetu, makala zikaandikwa na wageni. Hii ya matende nataka jina la kwanza kwenye makala liwe lako.

Binti wa Newala
Asante sana dada, na kaka pia. Barua naiandika leo. Nikiiweka hapa kesho, utanipitishia macho kabla sijaituma?

Dada Mkubwa
Iweke. Weka na ramani ya vijiji.