WALITOA BALBU YA TAA YA INJINI WAKANIAMBIA GARI LIMEPONA! Miezi 5 nanyweshwa petroli kwa sababu ya sensa ya oksijeni

Wakuu, habari za jioni. Humu huwa nasoma na kupita, sijawahi kufungua uzi wa malalamiko. Leo nafungua kwa sababu nimelizwa, na nataka kila mwenye gari la zamani asome mpaka mwisho kabla hajampa makanika funguo.

Mimi ni mama mfanyabiashara, naishi Busia upande wa Uganda. Kila wiki naenda Kampala, nafunga mzigo Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla, narudi. Gari langu ni Kikumi stesheni. Kwa mlio nje ya Uganda, Kikumi ndilo jina letu la Corolla AE100, injini 5A, ya sindano, yaani petroli inapulizwa na nozeli. Limenisomeshea watoto. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 400, na kwa miaka yote nimezoea kuweka lita 34 hivi, mzigo ukiwa wa kawaida.

Mwanzoni mwa mwaka ikawaka ile taa ya njano yenye mchoro wa injini. Wiki hiyohiyo mafuta yakaanza kuisha mapema. Nikifika Bugiri, kabla ya nyumbani, mshale uko mahali ambapo zamani ungekuwa nimeshafika nyumbani. Nikipima, lita 47. Asubuhi likiwashwa linanuka petroli mbichi, na mdomo wa eksozi ukipitisha kidole kinatoka cheusi kama umeshika sufuria la kuni. Lita 13 za ziada kila safari, kwa shilingi 5,000 ni 65,000. Zidisha kwa wiki 20. Ni milioni 1 na laki 3 zimetoka kwenye eksozi kama moshi, na hapo sijataja kitu walichonitoza mafundi.

Gereji ya kwanza, Kampala. Jina silitaji. Kijana hata boneti hakuinua, akaniambia, "Mama, hii gari ni ya zamani, inakunywa tu. Uza, nunua ingine." Ninunue kwa pesa ya nani? Tangu sheria ya 2018 gari lililotimiza miaka 15 haliingizwi tena nchini, na lenye umri mdogo zaidi ya hapo bei yake mnaijua. Kikumi tulizonazo ndizo hizihizi, tutatunza hizihizi. Nilipokataa kuondoka wakabadilisha plagi, wakabadilisha filta ya hewa, wakabadilisha na pampu ya petroli. Laki 2 na nusu. Taa bado inawaka. Nikauliza na ile taa je? "Hiyo taa haina maana, mama, wewe endesha."

Haina maana! Mjapani aliweka taa kwenye dashibodi, akavuta waya kutoka kwenye kompyuta ya gari, ili iwe haina maana?

Gereji ya pili, huku kwetu mpakani. Huyu alionekana anajua. Alisema, "Mama, hiyo ni sensa ya oksijeni," yaani kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa eksozi, na nikafurahi maana angalau alikuwa na jina la ugonjwa. Sensa 180,000, ufundi 50,000. Nililipa. Jioni akanionyesha dashibodi: taa haipo. "Umeona? Imezimika." Nikamshukuru, nikamwongezea na pesa ya soda. Hilo la soda ndilo linaniuma kuliko yote.

Maana wiki iliyofuata, lita 47. Iliyofuata, 48. Nikarudi, akasema petroli ya siku hizi mbaya. Nikabadilisha kituo cha mafuta. 47. Nikarudi tena, akasema sasa ni nozeli, nilete laki 3.

Hapo ndipo jirani yangu akaniona nimekaa kwenye baraza na risiti zangu. Ni mzee aliyestaafu jeshini, alikuwa fundi wa magari huko, na Kiswahili chake ni kilekile cha kambini. Akaniambia, "Mama, lete gari hapa. Weka swichi, usiwashe injini." Nikaweka. Taa ya betri ikawaka. Ya oili ikawaka. Ya breki ya mkono ikawaka. Akainama kutazama dashibodi, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Taa ya injini iko wapi?"

Wakuu, ukiweka swichi kabla ya kuwasha, taa ya injini LAZIMA iwake. Ndivyo gari linavyokuonyesha kwamba balbu ni nzima. Ukishawasha injini ndipo inazima kama hakuna ubaya. Yangu haikuwaka kabisa. Mzee akafungua skrubu za dashibodi, akavuta kile kibao cha mita, akakigeuza. Nyuma pale kuna vishikio vya plastiki vya kusokota, kila kimoja na kibalbu chake kidogo kama punje ya hindi. Kimoja kilikuwa tundu tupu. Lilikuwa limefunikwa na kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa vizuri kabisa na mkasi.

Mtu alikaa chini, akafungua dashibodi yangu, akatoa balbu, akakata tepu kwa mkasi. Kazi ya nusu saa nzima. Nusu saa hiyo ingetosha kuusoma ugonjwa wenyewe, maana kwenye haya magari kuusoma hakuhitaji hata kompyuta! Mzee alinifundisha palepale, na mimi nawapa bure.

Chini ya boneti, pembeni, kuna kiboksi cheusi cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya vitundu. Unatafuta TE1 na E1, unaviunganisha kwa kipande cha waya. Unazima AC, mguu hauko kwenye mafuta, unaweka swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini inaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko. Ikiwa kuna lalamiko inakupa namba: inapepesa tarakimu ya kwanza, inapumzika kidogo, inapepesa ya pili. Tuliweka balbu mpya, tukaunganisha, tukakaa kuhesabu. Mbili. Kimya. Moja. Mbili. Kimya. Moja. Namba 21 kwenye Toyota hizi ni sensa kuu ya oksijeni. Gari limekuwa likisema neno hilohilo tangu mwanzo wa mwaka, na watu wawili niliowalipa hawakulisikiliza, mmoja akaliziba na mdomo.

Basi yule wa pili alikuwa amepatia ugonjwa, na sensa aliweka. Kwa nini bado 21? Tukaenda kuitazama. Kwenye Kikumi haiko mafichoni. Simama mbele ya gari, tazama nyuma ya rejeta: kuna bati la kukinga joto limefunika manifoldi ya eksozi (lile bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini), na sensa imetokeza hapo na waya wake. Haihitaji hata kulala chini ya gari.

Sasa sikilizeni. Upande wa gari kuna waya MMOJA. Sensa aliyoniwekea ina waya NNE. Alikata soketi ya asili, akachukua waya mmoja wa sensa akausokota na ule wa gari kwa vidole, hakuna risasi ya kuchomelea, tepu juu. Tatu zilizobaki alizikunja pamoja akazifunga tepu zikaning'inia. Tepu yenyewe imeshayeyuka kwa joto la manifoldi, inanata kama ulimbo.

Mzee alinieleza kwa nini hiyo haiwezi kufanya kazi, na naomba mnaochomekewa vitu hivi muelewe. Sensa ya namna hii ni kama betri ndogo. Ikishapata joto la nyuzi 300 na zaidi, inalinganisha oksijeni iliyo kwenye moshi na ya hewa ya nje, na kutoa umeme kidogo: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta inasoma hiyo, inapunguza au kuongeza petroli, mara nyingi sana kila dakika. Ya waya mmoja inarudisha umeme wake kupitia mwili wa gari, kwa hiyo waya mmoja unatosha, na joto inalipata kwenye moshi wenyewe. Ya waya nne ni nyingine: waya mbili ni za hita, mmoja ni wa taarifa, na wa nne ndio njia ya kurudi. Usipounganisha huo wa nne, umeme hauna pa kurudia. Kompyuta haipati kitu. Inakuwa kipofu, inamwaga petroli kwa kukisia. Nilikuwa nimenunua chuma cha kuziba tundu kwa 180,000.

Halafu gasketi. Sensa ya Kikumi yangu inashikwa na nati mbili kwenye kibati, na kati yake na manifoldi panakaa gasketi. (Zipo gari nyingine ambazo sensa huskrubiwa nzima, hizo zinataka spana ya soketi ya milimita 22 yenye mpasuo wa kupitishia waya.) Yeye gasketi hakununua. Alipaka silikoni nyekundu, imebubujika pande zote. Pakivuja pale, hewa ya nje inaingia kwenye moshi na sensa, hata iwe nzima, inadhani petroli imepungua, kompyuta inaongeza. Na mvuke wa silikoni ukifika kwenye ncha ya sensa unaipaka utando na kuiua. Makosa matatu kwenye kitu kimoja cha ukubwa wa kidole gumba!

Na hili la "petroli ya siku hizi mbaya inaua sensa" wacheni kulikubali kirahisi. Petroli yenye risasi ndiyo iliyokuwa sumu ya sensa hizi, na hiyo iliondolewa kwetu Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Miaka yote hii bado ni kisingizio? Sensa inaweza kufa kwa uzee, kwa injini inayokula oili, kwa maji ya rejeta kuingia kwenye silinda, kwa silikoni. Makanika anayekutajia petroli mwambie aitoe sensa mkaitazame ncha. Masizi meusi makavu, petroli imezidi. Utando mweupe kama chaki, tazama silikoni.

Nilitafuta sensa ya waya mmoja, ya kibati cha nati mbili. Nilikwenda dukani nikahesabu waya mwenyewe. 140,000 pamoja na gasketi. Mzee alinyunyizia nati mafuta ya kulegeza kutu usiku, asubuhi tukawasha injini kidogo ipate uvuguvugu, zikafunguka bila kukatika. Tukakwangua silikoni yote. Tukaweka soketi mpya kwenye waya, tukauchomelea, tukaupitisha mbali na manifoldi. Kisha tukachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa sindano za petroli), ile ya ampea 15, tukasubiri, tukairudisha, ili kompyuta isahau ile 21.

Halafu akanionyesha kitu ambacho sikukitegemea. Injini ikiwa ya moto, TE1 na E1 zimeunganishwa, aliweka mita ya volti yenye mshale kati ya kitundu cha VF, kwenye kiboksi kilekile, na E1, akaniambia nikanyage mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na nishikilie hapo. Mshale ukaanza kucheza, huku na huku. Kitabu cha Toyota kinataka si chini ya mara 8 kwa sekunde 10. Nilihesabu 11. Nilikuwa naiona sensa ikisema na kompyuta ikiitikia. Nilitokwa na machozi wakuu, siwafichi.

Safari ya wiki iliyopita: lita 35.

Sasa nimerudi gereji ya pili kudai 230,000 zangu. Sikwenda na maneno matupu, niliweka sensa yake mezani, zile waya tatu bado zimefungwa tepu, na kile kipande cha tepu kilichokuwa kwenye dashibodi. Akanijibu, "Mama, kazi ilishalipwa, na wewe ulifurahi mwenyewe." Nikamuuliza balbu yangu iko wapi. Akageukia gari lingine. Lilikuwa la mama mwingine, amesimama pembeni na mtoto mgongoni, anasubiri. Nikamwambia palepale, dada yangu, kabla hujalipa weka swichi na uhesabu taa zako. Akaweka. Yake ilikuwa bado ipo.

Nimepeleka shauri kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza letu la kijiji), tunakaa Jumamosi saa 4 asubuhi. Mwenye kujua kama naweza kudai na petroli ya wiki zile baada ya yeye kutoa balbu, au ni pesa ya sensa na ufundi peke yake, anijibu kabla ya hapo. Risiti za mafuta ninazo zote, nimezipanga kwa tarehe.