Jina la ukoo Speke lilianzia wapi?

Mkazi wa Kayenze:
Ndugu zangu, sisi tunaoishi kando ya Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria, hulitamka jina hilo kila siku kule mwaloni dagaa wanapopimwa, na shuleni tulifundishwa kwamba msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akitokea Tabora. Ninaloomba kufahamu ni asili ya jina lenyewe. Kwenye ramani nimeona kitongoji cha Liverpool kiitwacho Speke. Je, ukoo wake ulitoka huko?

Mwalimu wa Magu:
Hapana, ingawa wengi hudhani hivyo. Jumba maarufu la kitongoji hicho lilijengwa na ukoo wa Norris, si akina Speke. Jina la ukoo lilikuja na Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliovamia Uingereza mwaka 1066, nalo liliandikwa Espec. Inaelekea lilikuwa jina la utani lililotokana na Kifaransa cha kale, likimaanisha kigogota, yule ndege atoboaye miti kwa mdomo. William Espec anatajwa katika orodha ya ardhi ya mwaka 1086 kuwa na mashamba Bedfordshire, na Walter Espec alianzisha monasteri ya Rievaulx mwaka 1132. Walter hakuacha mtoto wa kumrithi, ardhi yake ikagawanywa kwa dada zake watatu, kwa hiyo wanaomfanya babu wa moja kwa moja wa msafiri wetu wanakosea. Tawi lililodumu ni lile la Devon na Somerset.

Dada wa Nansio:
Shukrani, Mwalimu. Naongeza kwamba Devon kuna kijiji cha Brampford Speke, ambacho ukoo huo ndio uliokipa jina, kama msafiri Henry Morton Stanley alivyoiita ghuba yetu kwa jina la Speke mwaka 1875. Haukuwa ukoo wa raha tupu: Charles Speke alinyongwa mjini Ilminster mwaka 1685, baada ya uasi wa Monmouth dhidi ya mfalme wa Uingereza. Msafiri mwenyewe alizaliwa Devon mwaka 1827, akazikwa Dowlish Wake, Somerset, mwaka 1864.

Mkazi wa Kayenze:
Nawashukuru sana. Mtu akitaka kuufuatilia ukoo huo katika kumbukumbu za zamani, aanzie wapi?

Mwalimu wa Magu:
Aanze na vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya parokia za Somerset, kwa kuwa Uingereza iliamuru viandikwe tangu mwaka 1538. Atafute pia Speake na Speak, maana makarani waliandika walivyosikia.