Kushusha MX-5 ya 1991 kwa bajeti ndogo: nikate springi, nitafute springi fupi, au nijichange ninunue koiloova?

TaaZaKuinuka:
Habari zenu wakuu. Nina Mazda MX-5 ya 1991, ile ya kwanza yenye taa za kuinuka, injini 1.6. Nimeitamani hii gari tangu nikiwa mdogo na mwaka jana ndo nikaipata, naipenda mno, ila kuna kitu kimoja kinaninyima raha kila nikiipaki nikageuka kuiangalia, imekaa juu. Kati ya tairi la mbele na fenda ngumi yangu inapita na nafasi inabaki. Sitaki ilale chini kabisa, hapana, nataka ishuke kama sentimita 3 hivi na iache kulala kwenye kona.

Bajeti ni ndogo kweli, siwezi kununua seti ya maana mpya. Naona njia tatu: kukata springi zilizopo ambayo ni bure, springi fupi za kushushia nikafunga kwenye shokapu zangu hizi hizi, au zile koiloova za bei chee zinazouzwa seti nzima, springi na shokapu zimeshaunganishwa na urefu wake unarekebishwa. Shokapu ni za zamani, nadhani ndo zilizokuja na gari. Halafu nikipita kwenye tuta nyuma inaendelea kudunda kidogo na upande wa kulia kuna mlio kok kok, sijui kama unahusiana na hili. Naombeni ushauri wa aliyefanya kwa mikono yake.

GrendaNaJasho:
Mkuu mimi nimekata springi na gari ikatembea vizuri, sio ile gari yako lakini, kwa hiyo nisikutishe bure kama wengine watakavyokuja kukutisha hapa. Kukata kuna kanuni zake tu. Unakata kwa grenda, diski nyembamba, unamwagia maji au unapumzika pumzika isipate moto. Gesi usiiguse kabisa, chuma cha springi kimepikwa kwa kipimo chake, ukikichoma kinalegea pale ulipokata na baada ya muda kinakaa au kinavunjika. Na wale wanaoipasha moto springi ikiwa ndani ya gari mpaka ikae yenyewe, hao wakimbie.

Pili kata kidogo, nusu mzunguko kwanza, funga, shusha, pima. Ukikata ikazidi hairudi.

Tatu watu wengi hawajui kwamba springi ukiifupisha inakuwa ngumu zaidi. Kama ina mizunguko 6 inayofanya kazi ukaondoa 1 ikabaki 5, ugumu unapanda asilimia 20. Hiyo ni faida kwa sababu unataka isilale kwenye kona, lakini ni hasara kama shokapu imechoka maana sasa inatakiwa kuizuia springi yenye nguvu zaidi kuliko ile iliyoishinda tangu mwanzo.

Na ukishakata piga jeki tairi lining'inie kabisa, ishike springi uizungushe kwa mkono. Ikicheza kwenye kiti chake hiyo ni hatari, siku ukiruka kidogo inahama. Angalia pia mwisho wake umekaaje, springi yenye ncha iliyopindwa kulala kwenye kiti ukikata upande huo haitakaa tena.

BiSpana:
Kaka hapo juu kasema vizuri kuhusu kukata lakini mimi nataka nikuambie kilichonikuta kwa sababu nilikuwa na gari hiyo hiyo na nilifanya njia yako ya pili, springi fupi kwenye shokapu za zamani.

Nilishusha karibu sentimita 5. Nikaiangalia, nikafurahi, nikapiga picha. Wiki ya kwanza nikasema mbona imekuwa ngumu hivi, lazima ni springi mpya, nitazoea. Kumbe haikuwa springi. Ndani ya shokapu kwenye ile fimbo kuna kimpira kirefu cha kuzuia, stopa, kazi yake ni kugusa mwishoni kabisa ukiingia shimo kubwa. Mimi nilikuwa nimeshusha mpaka gari imekaa juu ya zile stopa muda wote, yaani springi zangu nzuri zilikuwa hazifanyi kazi, natembea juu ya mpira.

Siku moja mvua imenyesha, kona ya kulia, mwendo wala si wa kutisha, katikati ya kona kuna bonde dogo la lami. Nyuma ikagonga stopa kwa nguvu, tairi la nje likakosa kushika ghafla, gari ikageuka ikatazama nilikotoka. Hakuna aliyekuwa anakuja. Nilikaa pale na mikono imekakamaa kwenye usukani, injini imezimika, naisikia tu mvua ikipiga kwenye turubai. Hiyo gari ni nyepesi na inasukuma kwa nyuma, haikupi muda wa kufikiri.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu fanya hivi, haigharimu chochote. Chukua zipitai, ile kamba nyembamba ya plastiki ya kufungia waya, ifunge kwenye fimbo ya shokapu inayong'aa, isukume chini mpaka iguse kichwa cha shokapu. Kama kuna kikinga vumbi kimefunika fimbo kipandishe kwanza. Tembea njia zako za kila siku, matuta na yote, halafu rudi uangalie zipitai imesukumwa mpaka wapi. Ikiwa imepanda mpaka kwenye stopa na gari bado iko kwenye urefu wake wa kiwandani, hizo sentimita 3 unazotaka kushusha huna, zimeshaliwa.

GrendaNaJasho:
Pole sana dada. Na hilo la zipitai nilisahau, ni kweli kabisa, mimi yangu ilikuwa na shokapu mpya ndo maana haikunisumbua.

MzeeShokapu:
Kijana, wenzako wamekuambia ukweli, mimi naongezea tu mpangilio wa hela maana hapo ndipo watu wanapoteza.

Unasema nyuma inadunda na kuna mlio. Hizo shokapu zimekufa. Gari la 1991 kama kweli ni za kiwandani zina miaka zaidi ya 30. Kwa hiyo swali lako siyo springi gani, swali ni shokapu gani, springi zitafuata. Ukifunga springi fupi au zilizokatwa juu ya shokapu iliyokufa umenunua muonekano na umeuza breki na kona, kwa sababu tairi linalodunda halishiki barabara, na lisiposhika halisimamishi gari.

Kuhusu koiloova za bei chee sitasema zote ni mbaya, ila jua unachonunua. Kuna aina mbili. Aina moja unashusha gari kwa kushusha kile kiti cha springi, hapo unakula nafasi ya shokapu kila unapozungusha, tatizo lile lile lililompata binti yangu hapo juu. Aina ya pili mguu wa chini wa shokapu una uzi kama wa bolti unaoingia na kutoka, unafupisha mwili mzima bila kugusa nafasi ya fimbo, hiyo ndiyo yenye akili. Na hata hiyo, za bei ya chini kabisa nyingi wameweka springi ngumu mno kwa ajili ya muonekano na shokapu yake haina uwezo wa kuituliza. Uzi nao ukishaingia maji na mchanga unaganda, paka grisi siku ya kwanza.

Mimi ningekuwa wewe ningetafuta shokapu zilizotumika za kizazi cha pili cha hilo hilo gari, kile kilichoanza 1998 chenye taa zisizoinuka. Zinaingia. Kuna zilizotoka kiwandani na shokapu za kampuni ya Bilstein na wenye hela wanazitoa wanafunga vitu vikubwa, zinauzwa kwa bei ya kawaida kabisa. Ila chukua pamoja na vile vifuniko vya juu ambavyo shokapu inafungiwa, usiache, hivyo ndivyo dawa yenyewe. Vya kizazi cha pili vimetengenezwa stopa inaingia ndani juu zaidi, kwa hiyo fimbo inapata nafasi zaidi ya kupanda kabla haijagonga kuliko vyako. Unapata nafasi kwanza, ndipo unaitumia kushusha. Juu ya hapo springi fupi za kiasi, milimita 25 mpaka 30, basi.

Kumbuka pia kwenye hilo gari shokapu imekanyaga katikati ya mkono wa chini, kile chuma kinachoshikilia tairi kutoka chini ya gari, siyo kwenye tairi. Ukiondoa sentimita 1 kwenye springi gari linashuka zaidi ya sentimita 1. Watu wanakata wakidhani wamekata kidogo.

Na kama matairi yako yamekaribia kuisha, kuna kushusha kwingine ambako hakugusi springi. Kipimo cha kiwandani ni 185/60R14. Ukienda 185/55R14 kipenyo kinapungua kama milimita 18, gari linashuka 9, na mikono ya chini inabaki kwenye pembe yake ile ile. Spidomita itasoma juu kwa kama asilimia 3 na nafasi ya kwenye fenda haitapungua, itaongezeka kidogo, kwa hiyo macho yako hayatafurahi, lakini kona itafurahi.

TaaZaKuinuka:
Wakuu nimerudi. Nimefanya ya zipitai Jumamosi, nimetembea siku mbili.

Mbele zote mbili zimebakiza nafasi ndogo, kama upana wa kidole. Nyuma kushoto imegusa stopa. Nyuma kulia sikuelewa, zipitai imepanda mpaka haionekani, nikaamua kuitoa yote. Stopa haipo. Ilikuwa imebaki unga wa njano na vipande kama vya mkate mkavu, vikaanguka vyote nilipopandisha kikinga vumbi. Shokapu yenyewe ina mafuta mwilini na vumbi limeganda juu yake. Nikaisimamisha nikaibonyeza fimbo kwa mkono, nusu ya kwanza ikazama bila kizuizi chochote kama pampu isiyo na mpira, halafu ndo ikaanza kushika. Kok kok ilikuwa ni hiyo, chuma kwa chuma.

Kwa hiyo nimekuwa naendesha hivyo muda wote huu na nilitaka niikate springi juu yake. BiSpana asante sana, kile kisa cha mvua nimekisoma mara tatu.

Nimepata mtu ana seti ya kizazi cha pili, Bilstein, na vifuniko vya juu vyote vinne, na springi zake. Springi fupi sitaweza mwezi huu. Nifunge hizo na springi zake nikae hivyo, au nisubiri nifunge vyote siku moja?

MzeeShokapu:
Usisubiri. Hiyo nyuma kulia siyo ya kuendesha. Kabla hujalipa bonyeza fimbo moja moja kama ulivyofanya, inatakiwa ikuzuie njia nzima kwa nguvu ile ile na hizo zina gesi kwa hiyo ukiiachia irudi juu yenyewe. Angalia fimbo isiwe na kutu wala mikwaruzo, hapo ndipo sili, kile kimpira kinachozuia mafuta yasitoke, inapochanika. Stopa nunua mpya hata kama zake zinaonekana nzima, ni kitu kidogo.

Ubaya wa kufanya mara mbili ni alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, utailipia mara mbili. Ukishusha tairi linainama juu kuelekea ndani na pia linabadilisha linavyotazama mbele, hilo la pili ndilo linalokula matairi haraka. Kwa barabara mimi naweka mbele nyuzi 1 ya kuinama ndani, nyuma 1 na nusu, na mbele yatazame sawa. Zile bolti za kurekebishia kwenye mikono ya chini huwa zinaganda ndani ya bushi, zile mpira za kwenye maungio, zimwagie mafuta ya kulegeza kutu kuanzia leo, kila jioni.

BiSpana:
Nakazia na moja kuhusu kufunga. Bolti zozote zinazopita kwenye bushi za mpira usizikaze gari ikiwa juu ya stendi mikono inaning'inia. Zishike tu, shusha gari ikae kwa miguu yake, isukume mbele na nyuma mita chache ikae sawa, ndipo uzikaze. Ukizikaza ikiwa juu mpira unabaki umejipinda maisha yake yote, unachanika mapema na gari inakataa kushuka mpaka unadhani springi ni mbovu.

Na pima kutoka katikati ya habu, yaani katikati ya gurudumu, mpaka ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike, kabla na baada. Ukipima kutoka chini upepo wa tairi unakudanganya.

GrendaNaJasho:
Kibano cha springi kitumie kizima, viwili vitazamane, na usiweke uso wako juu ya ile nati ya katikati wakati unaifungua. Hicho nacho usiazime kilichokwaruzika uzi.

TaaZaKuinuka:
Sawa wakuu. Nimepima leo asubuhi kabla sijaitoa tena: mbele kushoto milimita 370, mbele kulia 368, nyuma kushoto 372, nyuma kulia 361. Kumbe kulia nyuma ilikuwa imeshashuka yenyewe. Seti naifuata kesho jioni, mafuta kwenye bolti nimeshamwaga.