Mliowahi kuotesha haze (aina ya bangi) kule inakoruhusiwa, tupeane uzoefu

Wadau salaam. Niko Berlin mwaka wa tisa huu. Tangu Aprili 2024 sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima kuotesha miche mitatu ya bangi kwake, basi na mimi nikasema ngoja nijaribu. Nikanunua tenti ya mita moja kwa moja, taa ya LED, feni, filta ya mkaa ya kumeza harufu, na mbegu za Super Silver Haze. Hii ni chotara ya bangi aina ya Haze, Skunk na Northern Lights, sativa (ile jamii ya bangi ndefu) ndo imebeba sehemu kubwa, na ilichukua Cannabis Cup, mashindano ya bangi ya Amsterdam, 1997, 98 na 99 mfululizo, kwa hiyo nikajua siokoti kitu cha barabarani.

Aisee hamna aliyeniambia kuhusu urefu. Nilipotoa taa masaa 18 kwa siku nikaweka 12 ili itoe maua, mche ulikuwa sentimita 45, nikasema wiki mbili zaidi ndo itakuwa vizuri, kumbe ukishaingia kwenye maua ndo unaanza kukimbia. Baada ya wiki tatu ulikuwa umegonga taa, kichwa cha juu kimekuwa cheupe kama kimepakwa unga wa ngano. Nikaanza kuukunja kwa kamba za viatu usiku, nikavunja tawi moja, nikalifunga na selotepu na likapona, pale pakabaki fundo kama goti.

Mlioipitia hii semeni. Mliikunja lini, mlisubiri wiki ngapi, na stimu yake mliionaje.

Mpwa_wa_Bujumbura
Mimi niko Ottawa, huku ni miche 4 kwa nyumba tangu Oktoba 2018. Kosa langu mimi niliipanda nje. Ndugu zangu, haze inasemekana damu yake ni ya Kolombia, Meksiko, Thailand na India ya kusini, yaani kwao ni kama kwetu, jua linatoka saa kumi na mbili linazama saa kumi na mbili na mambo yanaisha. Sasa Juni huku jua linazama saa tatu usiku, mche unaona bado mchana unaendelea kuota majani tu. Ukawa mrefu kunipita mimi, majirani wanauchungulia juu ya uzio, na maua hakuna. Yalianza kuonekana mwisho wa Agosti. Oktoba theluji nyembamba ikaanguka usiku mmoja, asubuhi natoka na chai yangu nakuta majani yamelegea kama mchicha uliomwagiwa maji moto. Nilivuna vimaua kama vidole vya mtoto.

Mwaka uliofuata nikaweka mbegu za auto, zile zinatoa maua zenyewe bila kuangalia urefu wa siku. Ladha siyo ileile lakini angalau navuna kabla ya baridi.

MamaMvita
Hebu niseme na mimi, niko Cape Town. Hapa mahakama ya katiba ilifungua mlango 2018 mtu apande kwake kwa matumizi yake, na sheria yenyewe ikasainiwa 2024. Jua tunalo, shida yetu ni mvua, Cape mvua yake ni ya kipupwe. Mche wangu ulikuwa uwani umenona wallahi, kila mtu mwingine keshavuna mwezi wa nne mimi bado nangojea kwa sababu haze yataka wiki kumi, kumi na moja za maua. Mwezi wa tano mvua ikaingia siku tatu mfululizo. Ya nne nashika ua kubwa la juu, lile nililokuwa nikilipiga picha kila siku, nikaona jani moja dogo limekauka katikati peke yake. Nikalivuta likatoka bila kushikilia. Nikalipasua ua: ndani kijivu, vumbi tupu kama jivu la sigara.

Ukiona jani moja limekufa katikati ya ua zima, usingoje, kata chini yake mbali na uchome. Na tafadhali msiseme mtavuta pembeni ya lile bovu, ukungu ule haufai mapafuni.

Stimu sasa. Nilipokausha ile iliyobaki nikaiweka kwenye chupa za kioo, wiki mbili za kwanza nafungua kila siku ipumue. Siku ya kuonja pafu mbili tu. Watu walisema nitakuwa mbunifu. Nilitoa kilo nzima ya dagaa nikazichambua kichwa kimoja kimoja mpaka saa nane usiku, nimefurahi sijui kwa nini.

kijana_wa_besmenti
😂😂 dada dagaa wamenimaliza. Mimi ni Mkenya niko Minnesota, tangu Agosti 2023 tunaruhusiwa miche 8 lakini yenye maua isizidi 4, na lazima iwe mahali pamefungwa pasipoonekana, so yangu iko besmenti na kufuli juu sababu nina watoto. Naambia mwenye thread kunja mapema, mimi nakata kichwa ikiwa na majani matano ama sita hivi alafu naweka neti juu, kila tawi likichomoza nalisukuma chini. Unapata uwanja flati kama meza, taa inafika kila mahali.

Kitu kingine, kuna mwanya mdogo wa zipu ulikuwa unaingiza mwanga wa stoo usiku, mche ukachanganyikiwa ukaanza kutoa vifuko vya dume ndani ya maua ya kike, nikapata mbegu mpaka nikachoka. Ziba kila kitu, ingia tenti mchana ujifungie ndani uangalie kama unaona nyota.

Na hii story ya sativa ni ya kichwa indika ni ya kochi msiishike kama aya, inategemea THC (ile kemikali inayolewesha) na ile mafuta ya harufu na wewe mwenyewe. Mimi hii haze ilinipiga moyo mbio saa nzima, nimekaa kwa ngazi nahesabu pumzi. Siku hizi pafu moja, nangoja dakika kumi.

TangaKwaMacho
Sisi wa huku Tanzania tunasoma tu, sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 na ile miaka ya jela iliyomo siichezei. Ila mkuu wa Berlin hujasema ulivuna kiasi gani.

Mwenye uzi
Mkuu hapo ndo kichekesho. Nilisubiri wiki 11 nikichungulia na lenzi zile punje za utomvu mpaka nyingi zikawa nyeupe kama maziwa na chache rangi ya asali. Nikakausha, nikaweka kwenye mizani ya keki: gramu 71. Sheria inasema nyumbani mwisho 50, na kumgawia mshkaji ni marufuku. Gramu 21 nikazichanganya na maganda ya ndizi na majani ya chai kwenye pipa la mbolea, mke wangu ananiangalia. Miezi mitatu ya umeme ile.

MamaMvita, wale dagaa uliwapika?

MamaMvita
Niliwapika. Chumvi nilitia mara tatu.