Nitawafundishaje wanafunzi wa biashara kwamba kupunja ni kosa hata kama kunalipa?

Mkufunzi wa jioni:
Wakuu, habari za saa hizi. Nafundisha uongozi wa biashara ngazi ya stashahada, na wengi darasani wana vibanda vyao tayari. Somo la maadili nina vipindi viwili kwa wiki, na mtaala umejaa sheria na miiko tu.

Juzi niliwapa suala la lumbesa. Mnunuzi anajaza viazi mpaka gunia linaota kichwa, halafu anamlipa mkulima bei ya gunia moja. Kosa lake nini? Mmoja akasema Wakala wa Vipimo watamkamata. Mwingine, atapoteza jina. Wa tatu, wakulima watamkimbia. Nikafuta ubao, nikaandika: hakamatwi, jina halichafuki, mkulima hana pa kwenda.

Kimya. Kisha kijana wa nyuma akasema, "Basi mwalimu, hapo hakuna kosa. Hiyo ni biashara."

Limeniuma, kwa sababu jibu hilo tumewapa sisi. Mwaka mzima tunawaambia uaminifu ni mtaji. Mtaji usipolipa, mtu anauacha. Nataka kuwaingizia falsafa ya maadili yenyewe. Nianzie wapi?

Msoma falsafa:
Mkuu, anza na Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani. Mwaka 1785 aliandika juu ya mwenye duka ambaye hata mtoto akienda kununua anauziwa bei ileile ya watu wazima. Kant akauliza: anafanya hivyo kwa kuwa ni haki, au kwa kuwa anataka wateja? Majibu matatu ya wanafunzi wako yote ni ya mwenye duka huyo. Waambie pia kwamba Adam Smith, yule wanayemjua kwa uchumi, alikuwa profesa wa falsafa ya maadili kule Glasgow, na kitabu chake cha maadili kilitoka 1759, miaka 17 kabla ya kile cha utajiri wa mataifa. Wengi hawajawahi kuambiwa.

Mhasibu mstaafu:
Ongeza hati ya 1973 ya Ford, kampuni ya magari ya Marekani, iliyopima kama inalipa kurekebisha magari yasivuje mafuta na kuwaka moto. Roho moja ilipigiwa hesabu ya dola 200,000. Kurekebisha ni dola 11 kwa gari, jumla milioni 137, na faida ya kuepusha vifo, majeraha na magari kuungua ni milioni 49.5 tu. Wengi husimulia kwamba ilihusu Pinto, gari dogo la Ford, peke yake. Sivyo. Ilihusu magari ya Marekani kwa ujumla yanapopinduka, ikapelekwa kwa mamlaka ya usalama barabarani, na thamani ile ya roho ilitoka kwa mamlaka yenyewe. Ifundishe hivyohivyo ilivyo. Ukimwondoa mtu mbaya kwenye hadithi, darasa linabaki na swali lenyewe: roho iingie kwenye jedwali au isiingie? Nimekaa na majedwali miaka 30, swali hilo sikuulizwa hata siku moja.

Mtoto wa mkulima, Njombe:
Mimi si msomi. Mama alikuwa anashika mdomo wa gunia, dalali anashonea neti juu yake kwa kamba, viazi vinaendelea kuingia. Mama anaangalia pembeni. Hakuwahi kubisha, lori lilikuwa moja tu. Mwalimu, mwalike mkulima darasani. Huyo kijana arudie maneno yake akiwa anamtazama.

Mkufunzi wa jioni:
Asanteni sana. Alhamisi naleta mizani na gunia la lumbesa, na nimeshaongea na mama mmoja anayelima viazi, amekubali kuja. Tutapima kwanza. Kant nitamfungua baada ya mama kuzungumza.